Nachimba vyoo msituni Minnesota, mama anataka nirudi nyumbani

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 20, niko mwaka wa pili chuoni hapa Minnesota, nasoma mambo ya mazingira. Wazazi wangu ni Wakongo wa Fizi. Mimi nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaja Marekani nikiwa na miaka 12, na uraia tumeshaapa. Baba alifariki. Tuko St. Paul: mama, mimi na wadogo zangu watatu.

Kiangazi hiki nimepata kazi ya mafunzo ya wiki kumi katika Boundary Waters, kule kaskazini mpakani na Kanada, kwenye shirika moja ambalo sitalitaja. Tuko sita pamoja na kiongozi wetu. Tunakaa msituni siku nane, tunatoka siku sita, tunarudi tena. Tunakata miti iliyoanguka njiani, tunarekebisha poteji, yaani zile njia za nchi kavu za kubebea mtumbwi kutoka ziwa moja hadi jingine, tunazoa majivu kwenye majiko ya chuma, na tunachimba vyoo. Zamu mbili nimemaliza, zimebaki tatu. Ya tatu inaanza Jumatano.

Mama nilimwambia nafanya kazi "ofisi ya misitu". Si uongo wote, maana ofisi ipo, iko mji mdogo wa Ely, na ndiko tunakochukulia masururu.

Picha ndiyo iliyoniumbua. Mwenzangu alinipiga nikiwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, koleo mkononi, matope usoni, wavu wa mbu kichwani kama mrina asali. Niliipenda ile picha, Mjomba. Tulipotoka Ely nikaiweka kwenye status. Kabla ya magharibi ilikuwa imeshafika kwenye kundi la kina mama wa kanisa.

Mama akapiga simu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema: "Mimi nimelala chini ya turubai ili wewe ulale kitandani. Nani amekutuma urudi kwenye turubai?" Kisha akasema vyoo alivyochimba yeye kambini vinatosha kwa ukoo mzima, na kwamba mama fulani amemuuliza mbele za watu kama chuo siku hizi kinafundisha kuchimba vyoo. Anataka niache nirudi mara moja. Shangazi yangu anafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, na amesema nikifanya kozi ataniingiza hapo kwa dola 19 kwa saa. Hapa napewa dola 400 kwa wiki, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Kila mwezi namtumia bibi dola 100 kule Nyarugusu, na mama anategemea nichangie kodi ya nyumba kabla chuo hakijafunguliwa.

Mjomba, mimi kazi hii naipenda. Sijui nimweleze vipi mtu. Usiku kuna ndege fulani analia juu ya maji mpaka nywele zinasimama, na ninapotua mtumbwi mwisho wa poteji mabega yanawaka moto lakini najisikia mrefu.

Kuna jambo jingine mama halijui, kwamba tunavuka maziwa makubwa. Yeye anaogopa maji tangu 1996 walipokimbia vita wakavuka Tanganyika usiku kwa boti iliyojaa kupita kiasi. Mpaka leo hapandi hata boti ya matembezi. Mimi mwenyewe sijui kuogelea vizuri. Kiongozi wetu ana miaka 24, ni mcheshi na mkarimu, ila ana haraka. Majaketi okozi huwa tunayafunga kwenye viti kwa sababu ya joto, na yanatuchubua makwapa tukipiga kasia. Zamu iliyopita tulivuka ziwa upepo ukiwa umeshachafuka, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, na tulipofika ng'ambo tulicheka sana. Lakini hilo si tatizo langu.

Tatizo langu ni mama. Niache kazi? Nikibaki, nimwambie nini?

Binti wa Nyarugusu

*

Marahaba, mpwa wangu.

Umesema Jumatano unaingia tena msituni, ndiyo maana barua nyingine nimeziweka kando nikakujibu wewe kwanza.

Umeniuliza juu ya mama, choo na pesa. Nitafika huko. Lakini karibu na mwisho umeandika mistari michache kisha ukasema hilo si tatizo lako: jaketi limefungwa kwenye kiti, ziwa limechafuka, kuogelea hujui vizuri. Kwangu mimi hilo ndilo tatizo la kwanza, na halina nafasi ya kungoja mpaka mama na pesa viishe.

Eneo lile nalijua kidogo. Kiangazi cha mwaka 2000 nilikuwa mwanafunzi Duluth, nikapata kibarua cha msimu kusafisha njia. Mwaka uliotangulia, tarehe 4 Julai 1999, dhoruba ya upepo ilikuwa imepita pale na kulaza misitu kwenye zaidi ya ekari 350,000. Miti ilikuwa imelaliana juu ya njia kama fito za nyumba iliyoanguka. Tulifanya kazi ya kufa mtu, na kwenye mtumbwi kila mmoja alitaka kupumzika. Jaketi langu nililikalia. Lilikuwa laini, nikaligeuza mto.

Asubuhi moja ya Juni mtumbwi wetu ulipinduka. Hapakuwa na dhoruba. Niligeuka vibaya kuchukua chupa ya maji, basi. Ufukwe ulikuwa pale pale, mtu angeweza kurusha jiwe likafika. Na mimi ni mtoto wa Tanga, nimeogelea baharini kabla sijajua kusoma. Yale maji yaliponipokea nilivuta pumzi bila kupenda, na nilichovuta hakikuwa hewa tupu. Kisha mikono ikaanza kunikatalia. Naiamuru, haifanyi. Mwenzangu, aliyekuwa amevaa jaketi lake, alinikamata kola akanivuta mpaka kwenye mwamba. Hatukucheka. Jioni niligundua nimetafuna ulimi.

Wanaofundisha usalama wa maji baridi wana hesabu yao: dakika moja ya kuituliza pumzi, dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa moja kabla baridi haijakupoteza fahamu. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyevaa jaketi. Asiyevaa anaweza asiimalize ile dakika ya kwanza, hata kama ni muogeleaji hodari. Joto la juani lisikudanganye. Maziwa yale huwa na barafu mpaka mwishoni mwa Aprili au Mei, na maji hayapati joto kwa kasi ya hewa.

Sheria ya Minnesota inataka kila aliyemo mtumbwini awe na jaketi lake humo, na mtoto wa chini ya miaka 10 alivae. Kwa mtu mzima haisemi lazima avae. Huenda kiongozi wako amejificha hapo. Lakini sheria ya jimbo ni kitu kimoja, na kanuni za kazi ni kitu kingine. Tafuta zile karatasi ulizotia saini siku ya kwanza, zile ambazo hakuna anayezisoma. Nitashangaa sana nikisikia shirika linalopeleka vijana majini halikuandika humo kwamba jaketi huvaliwa muda wote.

Jumatano, kabla hamjapakia mizigo, mkiwa bado kwenye maegesho na simu inashika, mwite kiongozi kando umwambie: "Mimi nitavaa jaketi kila ninapokuwa majini, na naomba sote tuvae. Na ziwa likichafuka mimi sivuki, nitangoja." Usiombe radhi mbele wala nyuma ya maneno hayo. Najua umelelewa kutombishia aliyekutangulia, nami nimelelewa hivyo hivyo, lakini kijana wa miaka 24 hajawa mzee wa baraza. Akikubali, mmemaliza. Akikufanyia mzaha, mpigie msimamizi wake papo hapo, kabla kasia halijagusa maji. Na kama hata huko hutasikilizwa, basi swali lako la kwanza limejijibu: rudi St. Paul siku hiyo hiyo, na mama yako atakuwa amesema kweli, ingawa kwa sababu nyingine.

Habari ya kuchubuka makwapa ina dawa. Yapo majaketi yaliyokatwa kwa ajili ya wapiga kasia, yenye matundu mapana ya mikono. Omba hilo, au livae juu ya shati la mikono mirefu.

Na kungoja upepo si uvivu. Maziwa yale makubwa mara nyingi hutulia alfajiri na huchafuka kuanzia adhuhuri. Wanaoyajua huondoka mapema, hufuata ukingo hata kama njia inarefuka, na upepo ukiwakuta hutua nchi kavu wakanoa mashoka mpaka jioni. Mvuvi wa Fizi akiona ziwa limebadilika rangi huvuta mtumbwi mchangani akashona nyavu, na hakuna anayemwita mwoga. Waulize wajomba zako.

Hapo ndipo ninapofika kwa mama.

Wewe umeisikia aibu kwenye ile simu: kina mama wa kanisa, choo, turubai. Aibu ipo, sikatai. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba huyu mama alivuka Tanganyika usiku na tangu siku hiyo hapandi boti. Sasa angalia jina la mahali ulipo. Boundary Waters. Maji ya mpakani. Ramani imeandikwa maji, picha zote za intaneti ni maji, na mwanawe aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa lile yuko humo siku nane bila simu. Unadhani hakutafuta? Kina mama wetu siku hizi wanatafuta kila kitu. Mimi nahisi ameshaona maziwa. Ila la choo linatamkika, na la 1996 halitamkiki, basi akashika la choo.

Naweza kuwa nimekosea, simjui. Wewe unamjua. Lakini nikiwa nimepatia, ukitetea choo na hema utakuwa unajibu swali ambalo hakuuliza.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza suala la jaketi liishe. Usimpelekee mama hofu ambayo bado haina jibu. Likiisha, mpigie, sauti na si ujumbe wa maandishi, na umwambie yote kwa lugha ya nyumbani: kwamba uliposema ofisi ulimficha, na unamwomba msamaha kwa hilo tu, kwamba kazi yenyewe iko msituni na majini, kwamba zamu iliyopita mlivuka vibaya, na ulichofanya baada ya hapo ni hiki na hiki. Ndiyo, mwambie na hilo la maji kufika vifundoni. Atanyamaza. Mwache anyamaze. Huenda akakusimulia ile safari, huenda asikusimulie. Usimchokonoe.

Baada ya hapo ndipo mzungumze choo, na hapa nataka ufanye jambo ambalo hukulitegemea. Mwombe ushauri.

Nasema kweli. Kule unakochimba, ardhi ni ngozi nyembamba juu ya mwamba. Barafu ya kale iliukwangua ule mwamba mpaka ukabaki mtupu, na katika miaka elfu kumi na kitu iliyopita tangu iyeyuke, udongo umerudi kiganja kimoja hapa, mkono mmoja pale. Kupata mahali pa kwenda chini hadi kiunoni, mbali na maji, ni utafiti wa nusu siku, na mtaimbo unagonga jiwe mara tano kabla haujapata njia. Mama yako amechimba vyoo kambini. Anajua ukuta wa shimo unavyobomoka mvua ikinyesha, anajua kwa nini maji ya juu huchepushwa yasiingie shimoni, anajua choo kikikaa upande usiofaa wa kisima kinachofuata ni nini. Wewe unasomea hayo chuoni kwa mkopo. Yeye ameyasomea kwa koleo. Muulize: "Mama, nikigonga jiwe futi mbili chini, nyinyi mlikuwa mnafanyaje?" Halafu usikilize jibu, maana mimi nadhani utalitumia.

Mweleze na choo chenyewe kilivyo. Hakina kuta wala paa, ni kiti tu kimekaa juu ya shimo katikati ya miti. Kikijaa mnachimba kingine jirani, mnahamisha kiti, mnafukia la zamani. Ndani hakitupwi kitu isipokuwa haja na karatasi yake, maana hakuna gari litakalofika kukinyonya. Sehemu za kambi mle ni kama 2,000, na kila moja ina kiti chake na jiko lake la chuma. Bila mtu wa kuchimba, uchafu wa wageni wote wale ungeteremka kwenye maziwa ambayo watu bado wanachota maji ya kunywa. Sidhani kuna mtu aliyetoka kambini utakayelazimika kumweleza hilo mara mbili.

Marehemu baba yangu, Msambaa wa Lushoto, nilimficha kama ulivyoficha. Nilimwandikia kwamba niko "idara ya misitu". Nilipokuja kumwambia ukweli miaka miwili baadaye, nikamchorea namna tunavyolaza gogo mshazari kwenye njia ya mteremko ili maji ya mvua yatoke pembeni yasichimbe bonde, aliitazama karatasi akasema, "Haya si makinga maji?" Alikuwa ameyatengeneza shambani kwake tangu ujana. Akanisahihisha pembe ya lile gogo. Alikuwa amepatia, na mimi nilikuwa nimeshalipwa msimu mzima kwa kuyalaza vibaya.

Kuhusu turubai sina hoja ya kukupa, na nakusihi usitafute. Kauli ya mama yako ni nzito kuliko chochote nitakachoandika. Kuna watu hulipa na kugombania vibali ili wakalale kwenye hema mle, maana kuanzia Mei hadi Septemba idadi ya wanaoingia kila siku imewekewa kikomo, na kundi halizidi watu tisa na mitumbwi minne. Mwambie hayo kama kichekesho. Acha acheke. Ni jambo la kuchekesha kwa mtu aliyehesabu miaka akingoja kutoka kwenye hema. Ukianza kumhubiria uzuri wa pori utampoteza.

Atakuuliza pia kwa nini msitumie mashine. Wote huuliza. Mjibu kwamba ni sheria: eneo lile limelindwa na Sheria ya Pori ya mwaka 1964, na mwaka 1978 likatungiwa sheria yake lenyewe. Ndiyo maana mnatumia shoka na ule msumeno mrefu wa watu wawili, mnaovutana zamu kwa zamu bila kusukuma, kwa sababu ukisukuma unapinda. Nilifundishwa hilo na bibi mmoja wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akiimba huku anavuta, na niliposukuma aliacha kuimba.

Ukipata nafasi, mwambie na jambo ambalo vipeperushi vingi hulipitia haraka: lile pori lina wenyewe. Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, walikuwepo kabla ya mipaka, poteji nyingi mnazozitengeneza ni njia walizokanyaga wao kwanza, na katika mkataba wa 1854 waliitoa ardhi lakini wakabakiza haki ya kuwinda na kuvua. Mwishoni mwa Agosti utaona mitumbwi kwenye maziwa ya kina kifupi, mmoja anasukuma kwa upondo na mwingine anapigapiga mabua kwa vijiti viwili, mpunga wa porini unaanguka ndani. Wanauita manoomin. Mama anayejua maana ya kuondolewa kwenye ardhi yake ataelewa haraka kuliko profesa wako.

Pesa. Sitakwambia pesa si kitu. Bibi yuko Nyarugusu anangoja zile dola 100.

Tufanye hesabu. Dola 19 kwa saa, saa 40, ni 760 kwa wiki kabla ya kodi. Wewe unapata 400. Kwa wiki sita zilizobaki tofauti ni dola 2,160. Si ndogo. Lakini kazi ya shangazi inataka kozi kwanza, na kozi ya wasaidizi wa wauguzi kwa kanuni ya serikali kuu haipungui saa 75, kisha mtihani. Ukiacha kesho, wiki mbili au zaidi zitaishia darasani na kwenye kungoja cheti, na nauli ya kila siku ni yako. Huko uliko unalishwa, na msituni hakuna duka la kukumalizia hela. Nikikata hayo yote, naona pengo linalobaki halifiki dola 640.

Halafu uliza jambo moja ofisini: je, nafasi yako iko chini ya AmeriCorps, ule mpango wa serikali kuu wa kazi za kujitolea? Nafasi nyingi za namna hiyo ziko huko, na zikiwa huko, anayemaliza saa zake hupata tuzo ya masomo ya kulipia karo au mkopo, inayoweza kutumika ndani ya miaka saba. Inakatwa kodi, ujue mapema. Na anayeacha katikati bila sababu nzito kwa kawaida anaikosa. Kama unayo, pengo hilo huenda limejifuta. Kama huna, mwambie mama namba ilivyo, na umwambie utalizibaje: labda kozi ya shangazi uifanye Septemba ukafanye kazi wikendi. Mpe karatasi yenye tarakimu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa maneno matamu, naye analijua hilo kuliko sisi.

Kwa hiyo jibu langu: jaketi likikubaliwa, baki umalize. Unaipenda kazi, unaisomea, na zimebaki zamu tatu.

Mengine madogo. Mwambie mama mbu wa kule ni wengi kuliko wa Kigoma lakini hawana malaria. Usubi wa Juni nao unauma mpaka damu, ila hauleti ule upofu wa kwetu. Wa kuogopwa ni kupe: jikague kila jioni, nyuma ya magoti na kwenye mshipi, maana huleta ugonjwa wa Lyme. Maji ya ziwani chemsha au chuja hata yakiwa maangavu. Na kama mnachoka na vyakula vya pakiti, kumbuka makopo na chupa za kioo haviruhusiwi mle, ila unga wa ugali na dagaa wakavu wanaruhusiwa kabisa, na hakuna chakula chepesi kinachoshibisha kama hicho. Ila dagaa wakae ndani ya pipa la kuzuia dubu, na pipa likae mbali na hema. Dubu wa kule hajawahi kuonja dagaa wa Kigoma, na usiwe wewe wa kumwonjesha.

Mwisho wa zamu ya nne, kama shangazi ana gari, waalike waje Ely. Ni mwendo wa saa nne hivi kutoka St. Paul. Usimpeleke mama kwenye boti, wala usimtajie boti. Mpeleke kwenye maegesho ya mahali mnapoingilia, pale njia inapoteremka kwenda ziwani. Akitaka kushuka mpaka ufukweni, atashuka mwenyewe. Akikataa kutoka ndani ya gari, mwache akae, funga jaketi lako vizuri, nenda chini ukaulete mtumbwi begani mpaka alipo.

Mjomba